Mwanamke na Mwasho wa Kila Mwezi: Neno la Nani Lisadikiwe?

Tumeletewa suala na mmoja wa ndugu zetu wanaohudhuria darasa, naye ametuomba tusilitaje jina lake wala mtaa wake. Asema kwamba mkewe, tangu alipojifungua mtoto wa pili, kila mwezi hutokwa na vipele na mabaka mekundu mikononi, shingoni na kifuani, akawashwa usiku kucha hata usingizi ukamruka. Hali hiyo humjia kiasi cha wiki moja kabla ya hedhi. Kisha hedhi ikiingia, siku ya pili au ya tatu ngozi hurudi kama ilivyokuwa. Mama wa ndugu yetu huyu ameshika kwamba ni pepo. Dada yake asema ni deko, na kwamba mwasho huja kila kazi za nyumba zinapokuwa nyingi. Yeye mwenyewe yu kati, naye atuuliza: je, yampasa kumsadiki mkewe katika jambo ambalo hapana mtu katika jamaa zake aliyewahi kulisikia? Na asipomsadiki, ana makosa?

Tumeona tulijibu suala hili hadharani, ingawa wako watakaosema kwamba mambo ya hedhi si ya kuandikwa katika karatasi zinazosomwa barazani. Hao twawakumbusha tu kwamba vitabu vya fikihi tunavyowasomesha watoto wetu vina mlango mzima wa hedhi, na kwamba wanawake wa Kiansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Ikiwa haikuwazuia wao kuuliza, haitatuzuia sisi kujibu.

Kwanza na ijulikane kwamba maradhi haya yapo. Katika mwili wa binadamu mna vitu vinavyotengenezwa na tezi, vikamiminwa katika damu, vikaenda kuamsha kazi mahali pengine mbali na vilipotengenezwa. Mwaka 1905 mwanachuoni wa Kiingereza, Ernest Starling, alivipa jina la homoni, neno lililotolewa katika Kiyunani, lenye maana ya kuchochea. Mwanamke, kiasi cha katikati ya mwezi wake, yai hutoka katika kifuko cha mayai. Pale lilipotoka hubaki kitu kidogo cha rangi ya manjano, nacho hutengeneza homoni iitwayo projesteroni, ambayo huitayarisha nyumba ya mtoto ipate kupokea mimba. Projesteroni hupanda kwa muda wa wiki moja hivi. Ikiwa mimba haikuingia, hushuka, na kushuka kwake ndiko kunakoleta hedhi.

Basi wako wanawake, nao ni haba, ambao miili yao huipokea projesteroni kama mwili wa mtu asiyepatana na kamba au kaa unavyompokea kaa. Inapopanda, ngozi huasi. Wengine hutokwa na mabaka yaliyoinuka kama ya mtu aliyeguswa na upupu. Wengine huchubuka kama mwenye ukurutu. Wengine huvimba midomo na kope. Na mara chache sana mtu hubanwa na pumzi, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, halingoji kuche. Mwasho huanza baina ya siku tatu na siku kumi kabla ya hedhi, na hedhi ikisha kuingia huanza kuondoka. Aliyetuletea suala aweza kuilinganisha habari hii na ile aliyotuandikia. Iko pia aina nyingine, iliyo ya homoni ya pili ya mwanamke, estrojeni, ambayo ilielezwa mwaka 1995.

Mwenye kusikia haya kwa mara ya kwanza hustaajabu: vipi mwili ukatae kitu ulichokitengeneza wenyewe? Kaa ni mgeni, ametoka baharini. Projesteroni ni mwenye nyumba. Matabibu nao wamestaajabu. Wengine husema kwamba mwanamke huenda alitumia kwanza vidonge au sindano zenye homoni ya kutengenezwa iliyo jamaa ya projesteroni, mwili ukajifunza kuikataa ile, kisha ukashindwa kupambanua baina ya mgeni na mwenyeji. Lakini wako wagonjwa ambao hawakupata kutumia hata kidonge kimoja. Jina la zamani la maradhi haya lilisema kwamba mwili wapigana na nafsi yake. Na kwa kuwa dalili za vita hivyo hazikuonekana katika damu ya kila mgonjwa, wengi sasa wapendelea jina linalosema tu kwamba mwili hauistahimili homoni, basi. Nasi twapendezwa na adabu hiyo ya kupunguza jina mpaka likatoshana na kilichothibiti. Laiti wapiga ramli wangeiiga.

Sasa tutazame jinsi elimu hii ilivyopatikana, kwani humo mna jawabu la nusu ya suala. Mwaka 1921 tabibu mmoja aitwaye Géber aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akitokwa na mabaka ya mwasho kila mwezi. Tabibu huyo alichukua maji ya damu ya mwanamke yuleyule, yaliyotolewa siku za kabla ya hedhi, akamdunga nayo, na mabaka yakatoka. Wakati huo hapakuwa na mtu ulimwenguni aliyeijua projesteroni. Kazi ya kitu kile cha manjano ilibainishwa na Corner na Allen huko Marekani mwaka 1929, na projesteroni yenyewe ikapatikana ikiwa safi mwaka 1934. Hata hivyo ilipita miaka thelathini mingine mpaka Walter Shelley na wenzake, mwaka 1964, walipoandika habari za mgonjwa wao na kuyapa maradhi jina. Na mwaka 2016 matabibu wa Boston waliandika habari za wanawake 24 kwa pamoja.

Tuwaulize wanaosema kwamba jambo lisilosikiwa halisadikiwi: yule mwanamke wa 1921 alikuwa mwongo mpaka 1964, kisha akawa mkweli? Mwasho wake ulikuwa mwasho siku zote. Kilichopungua kilikuwa ni ilimu ya waliomzunguka, na upungufu huo haukuwa mzigo wake yeye kuubeba. Wala jambo hili si geni katika historia ya tiba yetu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Bakr al-Razi aliandika risala juu ya mafua yaliyokuwa yakimpata Abu Zaid al-Balkhi kila majira ya waridi yanapofika. Al-Razi hakuwa na jina la mzio, wala hakujua chembe zake. Alikuwa na ushahidi wa majira tu: huja wakati huu, huondoka wakati huu. Akauona ushahidi huo kuwa watosha kumfanya ashike kalamu.

Majira hayo ndiyo yanayoleta fitina kwetu. Kitu chenye kuja kwa mwezi na kuondoka kwa mwezi hudhaniwa upesi kuwa kina akili, kwamba kiko mwenye kukituma na kukiita. Hapa ndipo mganga anapopata riziki yake. Hebu tufanye hesabu. Vipele vyatoka siku ya 21 tangu hedhi iliyopita. Siku ya 22 na ya 23 watu watazama na kunong'ona. Siku ya 24 mganga aitwa, aandika kombe kwa zafarani, mgonjwa anywa. Siku ya 26 aongezewa hirizi na mafusho. Siku ya 28 hedhi yaingia, na siku ya 30 ngozi ni safi kama ya mtoto. Nani atakayemwambia mama mkwe kwamba mganga hakufanya kitu? Ameona kwa macho yake! Mwezi wa pili vipele virudipo, mganga husema kwamba masharti yamevunjwa: mgonjwa alikula samaki fulani, au aliivua hirizi alipokuwa akioga. Hapo anayelaumiwa ni mgonjwa. Mganga halaumiwi, na ada hulipwa tena. Twaweza kuongeza, kwa insafu, kwamba mwenye duka la dawa anayeuza kijitubu cha mafuta siku ya 27 hupata sifa ileile kwa njia ileile. Maradhi yanayoondoka yenyewe humpa ushindi kila anayesimama karibu nayo mwishoni.

Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini. Muislamu hawezi kuyakanusha, kwani Qur'ani imeyataja. Tunalokanusha ni mtu kudai kwamba amelijua jini fulani, katika mwili wa fulani, kwa vipele vya mkono, naye hana hoja ila mazoea. Na lau jambo lingekomea kwenye fedha na zafarani tungenyamaza pengine. Lakini pepo akisha tajwa, suala la pili huwa: katumwa na nani? Hapo hutafutwa mtu. Atakuwa mke mwenza, au jirani aliyesifu ngozi ya mke huyu harusini, au shangazi ambaye aliposwa kabla yake nduguye. Tumeshuhudia katika miji yetu nyumba mbili zenye ua mmoja zikiacha kuombana chumvi kwa tuhuma za namna hii. Mtu huyo aliyetuhumiwa hana njia ya kujitetea, kwani ataapa nini? Kwamba hakuona kijicho moyoni mwake siku ya harusi? Anayemtuhumu ameivunja heshima ya Muislamu kwa dhana tupu, na dhana ni jambo ambalo dini yetu imetuonya nalo vikali.

Turudi kwa dada mtu, asemaye ni deko. Huyu twamwomba azingatie jambo moja, ambalo hakuna haja ya kuwa tabibu ili kulijua. Mwanamke anayetafuta udhuru, udhuru anao: hedhi yenyewe yamwondolea sala, na katika Ramadhani yamwondolea saumu mpaka ailipe. Vipele hivi havimjii siku hizo. Humjia akiwa twahara, siku ambazo yampasa kusimama alfajiri na kufunga mchana wa joto huku akijikuna chini ya buibui. Na siku ile sharia inapomsamehe ndiyo siku ngozi yake inapopoa. Mwenye kudeka angechagua kalenda nyingine.

Lakini tuseme kwamba hoja hii haikuwapo. Je, mtu asadikiwe juu ya mwili wake ingawa hatuoni anachokisema? Twajibu kwa kupambanua mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Mgonjwa ni shahidi wa maumivu yake; si kadhi wa sababu yake. Akisema "nawashwa", "yaanza siku hii", "yaisha siku hii", hayo ayajua yeye kuliko sote, na kumkatalia ni kumkatalia shahidi pekee aliyekuwapo. Akisema "nimerogwa na fulani", hapo ametoka katika ushahidi akaingia katika hukumu, na neno lake halina nguvu zaidi ya letu. Kosa la jamaa zetu wengi ni kuyageuza: husadiki upesi hukumu ya mganga asiyekuwapo, na kuutilia shaka ushahidi wa mke aliyekesha.

Na mafakihi wetu hawakuwa wazembe katika jambo hili. Mwanamke aliyeachwa akisema kwamba eda yake imekwisha kwa hedhi, kauli yake hukubaliwa maadamu muda uliopita wawezesha hayo, kwa kuwa ni jambo lisilojulikana ila kwake. Juu ya kauli hiyo husimama mambo mazito: ndoa ya pili, haki ya mume kurejea, nasaba ya mtoto. Ikiwa sharia imeyajenga hayo juu ya neno lake, sisi tutaona uzito gani kulikubali neno lake juu ya mwasho? Tena Fatima binti Abi Hubaish alipomwendea Mtume (S.A.W.) kumweleza damu isiyokatika, hakuulizwa nani mwingine aliyeiona. Alifahamishwa kwamba ile ni damu ya mshipa wala si hedhi, na hukumu yake ikapimwa kwa hesabu ya siku alizozizoea kabla ya hapo. Mwenye kutafakari ataona mambo matatu katika kisa hicho kifupi: mwanamke alisadikiwa, jambo likaelezwa kwa sababu ya mwilini, na dawa ya mushkili ikawa ni kuhesabu siku.

Hatusemi kwamba kila mwasho wa mwanamke ni homoni. Tungesema hivyo tungekuwa waganga wa namna mpya. Wako wanaoungua kwa piko, ile rangi nyeusi ya harusini ambayo huchanganywa na dawa ya nywele. Wako wanaoharibiwa na mkorogo wa kujichubua. Iko sabuni, iko joto la Februari, liko pambo la bei rahisi la masikioni. Hayo hayajali tarehe. Piko huunguza palipopakwa, na joto huwasha wote waliomo chumbani. Kinachoyatenga maradhi tunayoyasema ni kule kurudi kwake, mwezi baada ya mwezi, mahali pamoja pa kalenda. Na baada ya hapo kazi ni ya tabibu: hutia projesteroni kidogo sana ndani ya ngozi akatazama itafanya nini. Kipimo hicho si cha kukata maneno kwa kila mtu, kwa hiyo tabibu hodari hukitazama pamoja na hesabu ya siku, hakitazami peke yake.

Juu ya matibabu yako mambo yanayohusu dhamiri ya watu wa nyumbani, nasi hatutayapita. Mara nyingi huanzwa kwa vidonge vya antihistamini vya kutuliza mwasho, na dawa za jamii ya kotizoni. Visipotosha, ziko dawa za kulizuia yai lisitoke, ili projesteroni isipande. Miongoni mwake mna vidonge vilevile vinavyotumiwa kupanga uzazi. Na kwa kuwa vingi vya hivyo vina ndani yake homoni iliyo jamaa ya projesteroni, huweza kumfaa mgonjwa mmoja na kumdhuru wa pili, basi asivinunue mtu kwa kuambiwa na shoga yake. Sindano ya miezi mitatu ni ya jamii hiyo pia, na ikisha dungwa haitolewi. Mwenye historia ya mwasho wa namna hii na aseme kabla ya kudungwa. Hatuandiki haya ili kuwatisha wanawake wengi wanaoitumia bila ya dhara lolote. Na anayeona uzito kwa ajili ya dini, ajue kwamba kumeza dawa kwa kutibu maradhi si suala moja na kuikimbia mimba, na amwulize mwanachuoni amwaminiye akimweleza hali yake yote.

Mgonjwa wa Shelley wa 1964 alipona kwa kutolewa vifuko vyake vya mayai. Alipona kweli, lakini mwanamke asiye na vifuko hivyo hapati tena mimba kwa njia ya kawaida, na ukomo wa hedhi humfikia siku hiyo, akiwa kijana. Siku hizi operesheni hiyo ni ya mwisho kabisa, baada ya kushindikana mengine yote. Huko Boston matabibu wamewazoeza wagonjwa projesteroni kwa kuwapa kidogo kidogo, kipimo kikipanda taratibu chini ya uangalizi, mpaka mwili ukaistahimili; na njia hiyo huwafaa hasa wanaotaka kuzaa, kwani mimba haikai bila ya projesteroni. Twayataja haya kwa sababu twajua yanavyokwenda majumbani mwetu. Mume atasema hataki operesheni kwa kuwa ataka watoto. Mama mkwe atasema afadhali aolewe mwingine. Kaka za mke watasema arudi kwao. Wote hao wana maneno, na aliyekesha akijikuna miaka sita hana neno. Mume ana haki katika uzazi, hatulikatai hilo, na yapasa ashauriwe. Lakini ngozi ile si yake, na usingizi uliokosekana haukuwa wake.

Basi jawabu letu kwa ndugu aliyetuuliza ni kwamba yampasa kumsadiki mkewe katika anayoyashuhudia, na kwamba akimkadhibisha bila ya hoja amemdhulumu. Kumsadiki huko si kwa moyo tu. Na anunue daftari. Mke aandike kila mwezi siku ya kuingia hedhi na siku ya kukatika, jambo ambalo wanawake wetu wamekwisha lizoea kwa ajili ya sala. Na kando yake aandike siku vipele vilipotoka, mahali vilipotoka, alichokula, dawa aliyoitumia, na siku ngozi ilipotulia. Miezi mitatu yatosha. Daftari hilo alichukue kwa tabibu wa ngozi, na kama hapo alipo hakuna, kwa tabibu wa kawaida atakayemwandikia barua ya kwenda kwa mwingine.

Wala asende siku ngozi imekwisha safika, kama wafanyavyo wengi kwa kungoja nafuu ya kutembea. Tabibu ataona ngozi nzuri, na atamwandikia mafuta. Aende siku ya tatu au ya nne ya mwasho, vipele vikiwa vimesimama. Mumewe akiweza kuiacha kazi yake asubuhi hiyo afuatane naye, asikie kwa masikio yake yatakayosemwa. Na mama yake akitaka kwenda nao, wasimzuie.